Mchanga Juu ya Oili

Nikipita karibu na gereji yoyote hapa Embu mjini, harufu ya oili chafu hunirudisha Kiambere, kwenye ukingo wa bwawa, na uso wangu hupata joto kama wa mtoto aliyekaripiwa mbele za watu.

Baba alikuwa na pampu ya dizeli ya kunyunyizia matikiti. Alipobadilisha oili, ile kuukuu aliimwaga hapohapo mchangani. "Mchanga hunywa kila kitu," alizoea kusema, nami niliamini, maana kesho yake palionekana pasafi kabisa.

Mimi na rafiki yangu Wanja tulikuwa wachimbaji wa chambo. Mama yake alivua kambare kwa ndoana akawauza sokoni, na nyungunyungu wake walitoka kwenye mchanga ule wa majimaji, laini kama uji wa wimbi. Humo mlikuwa pia na konokono wadogo, tuliowashindanisha mbio mpaka tukachoka kungoja mshindi.

Jumamosi moja tulichimba karibu na pampu. Juu palikuwa peupe. Chini kidogo, mchanga ulikuwa mweusi, umegandana, unanuka. Nyungunyungu walikuwa wamelegea kama nyuzi zilizolowa, na konokono walibaki makombe matupu. Wanja aliujaza ule mchanga kwenye kopo letu, akampelekea mama yake.

Jioni Mama Wanja alikuja kwetu na lile kopo. Hakuja kugombana. Alimpa Baba, mzee wa kanisa aliyeheshimika kijiji kizima.

"Baba Muthoni, hebu nusa."

Baba akanusa. "Hii ni ya boti za wavuvi," akasema polepole. "Maji ndiyo huileta."

Mama Wanja hakumtazama yeye, alinitazama mimi. Nilitamani ardhi inimeze. Nikainamia vidole vyangu vya miguu, ambavyo kucha zake zilikuwa bado nyeusi.

"Sawa," akasema, akachukua kopo lake.

Wiki iliyofuata Baba alileta mchanga wa mto kwa punda, akautandaza pale. Paling'aa kuliko ukingo wote, na majirani wakamsifu. Tangu hapo oili yake aliibeba kwa jerikeni, na mimi hakunituma tena kwenye pampu. Mama Wanja alihamia ng'ambo ya bwawa kuvua. Wanja akaacha kuja kuniita.

Kwa miaka mingi nilimwonea Baba aibu, nikidhani yeye hana. Siku hizi najua kwamba mchanga haukunywa kitu. Mafuta yakizama pasipo hewa hukaa muda mrefu, na vijidudu vinavyoufanya udongo upumue hufa kwanza. Lakini Baba mwenyewe nilimwelewa likizo moja tu, pampu ikiwa imeshauzwa zamani. Nilimpeleka binti yangu ukingoni, naye akapiga magoti palepale pampu ilipokuwa aanze kuchimba. Baba, mkongojo mkononi, akamwita kwa upole nisiouzoea.

"Mjukuu wangu, hapo usichimbe. Njoo huku."

Akageuka haraka asikutane na macho yangu. Nami nikainama, nikajifanya nafunga kamba za viatu, ili asijue kwamba nimeelewa.