Sufuria Mbili za Sabina

Sabina alifika mwaloni, pale ziwani wanapotua wavuvi, saa nne asubuhi, siku ya thelathini na saba tangu ashonwe tumbo. Mkono mmoja ameshika ubavu, mwingine amebeba sufuria ndogo iliyofungwa kwa kanga. Usiicheke. Sufuria hiyo ndiyo iliyomfikisha hai siku hiyo.

Miaka kumi na sita amewapikia wavuvi wa mwalo huu wa Ilemela. Samaki wake sato wa kukaanga, amwagiwe rosti ya nyanya na pilipili, alimtoa mwanaume mzima kamasi na bado akaomba aongezwe. Rosti hiyo Sabina aliionja kwenye kiganja kila siku tangu alfajiri, tumbo tupu, na juu yake akitafuna vidonge vya maumivu ya mgongo kama karanga. Siku vidonda vya tumbo vilipotoboka, alianguka kando ya mafiga mwiko ukiwa mkononi, wateja wakitazama.

Daktari alimwandikia karatasi. Pilipili hapana, kukaanga hapana, nyanya hapana, ndimu hapana. "Mama, likitoboka tena siwezi kukuahidi kitu," alisema, na wala hakutabasamu.

Wiki ya kwanza nyumbani alikula ndizi za kuchemsha huku analia. Ya pili akapata hasira. Mpishi gani huyu anashindwa na ndizi? Akachukua kichwa cha sato, akakichemsha polepole na karoti na kitunguu mpaka mifupa ikaachia utamu. Akachuja supu kwa chujio la chai, akaziponda ndizi humohumo. Siku moja akajikuta analamba mwiko. Akageuka kuangalia nyuma kama mwizi. Tangu hapo akawa anaamka na hamu yake: leo nijaribu boga na wali laini, kesho viazi. Maisha yake yote alikuwa amepikia watu. Kumbe hajawahi kujipikia.

Sasa, pale mwaloni, Raya, jirani aliyemshikia banda muda wote wa ugonjwa, alikuwa amefanya wema wa kuponza. Kwa furaha ya kumpokea mwenzake amepika sato wa sifa, tena pilipili mara mbili.

"Shoga, nimewatangazia wote," alisema.

"Wamekuja kula?"

Raya akashusha sauti. "Wamekuja kuangalia."

Kweli. Watu kumi na wanne kwenye mabenchi, hakuna aliyeagiza hata chai. Mwalo huo una desturi yake: mpishi akianguka jikoni, siku akirudi anakula yeye kwanza, mbele za watu, chakula kilekile atakachowapa. Asipokula, basi anajua alichotia. Na banda likishasemwa hivyo, halimalizi siku tatu.

Chenge ndiye aliyesogeza kigoda. Ana mitumbwi mitatu, na vijana wake humfuata kama vifaranga. Akila wanakula, akiondoka wanaondoka.

"Mama, karibu tena. Tumekukumbuka."

"Na mimi nimekumbuka kelele zenu."

"Basi kula, na sisi tule."

Raya akaweka sahani. Rosti nyekundu, mafuta yanang'aa juu. Mshono wa Sabina ukamwasha kama umesikia jina lake.

"Mimi niliumwa vidonda, Chenge. Haviambukizi."

"Vidonda vinatoka wapi kama si kwenye chakula?"

"Chakula cha nani?" akadakia mtu wa nyuma. Wakacheka.

Sabina akamega tonge la ugali. Akachovya. Harufu ikampanda puani, tamu ya kumlainisha. Tonge moja tu, akajiambia. Tonge moja linaweza kutoboa nini? Benchi zima linamtazama mdomo. Rosti ikadondoka kiganjani, palepale pa kuonjea, na mkono ukaanza kupanda wenyewe, kwa mazoea ya miaka kumi na sita. Ulifika kidevuni.

Akarudisha tonge sahanini. Akaufuta mkono kwenye kanga aliyovaa.

"Sili."

Watu watano wakasimama hapohapo, wakaelekea banda la pili bila kuaga. Chenge naye akainuka.

"Kaa chini, sijamaliza," Sabina alisema. "Nikila hicho nitaanguka hapa, na wewe ndiye utakayenibeba mpaka barabarani. Kiuno chako nakijua." Kijana mmoja akaangua kicheko. "Mpishi anakula alichopika, si ndiyo? Hicho kapika Raya. Changu hiki hapa."

Akafungua kanga. Sufuria ndogo ilikuwa bado na moto: ndizi, supu ya sato, minofu isiyo na mwiba hata mmoja. Akala kijiko kimoja. Wakamtazama koo. Akala cha pili, cha tatu, bila haraka. Kisha akampakulia Chenge.

"Hiki ni chakula cha mtoto asiye na meno."

"Basi ni chako. Yako ya mbele si uliyaacha Sengerema?"

Benchi likavunjika mbavu. Chenge akakosa pa kutokea: mpishi akishakula, kukataa sahani yake ni kumwita mchawi hadharani, na hilo hata yeye hakuwa na ubavu nalo. Akala kijiko. Akala cha pili, kabla ya kumeza cha kwanza vizuri.

"Umeweka nini humu?"

"Kitu usicho nacho. Subira."

"Kingepata pilipili kidogo..."

"Chukua kwa Raya, weka kwenye sahani yako. Sufuriani haiingii."

Vijana wakaleta sahani, mmoja mmoja, vijiko viwili viwili, mpaka mwiko ukagonga chini ya sufuria. Wale watano hawakurudi siku hiyo. Raya alikaa pembeni na sato wake wote, machozi yanamlengalenga.

"Usilie, watammaliza na huyo wako," Sabina akamwambia. "Ila kesho, shoga, tuwashe meko mawili: moja la rosti yako, moja la sufuria hii."

Halafu akakwangua ukoko uliobaki, akalamba mwiko, na hakuangalia nyuma.