Mama Nini na Mashati Meupe

Jina lake la kweli liko kwenye kitambulisho, kitambulisho kiko kabatini, na hakuna anayekihitaji. Pale kwenye duka la dobi tunamwita Mama Nini, kwa sababu ana binti wa miaka miwili na miezi minne ambaye neno lake la kwanza halikuwa mama wala baba. Lilikuwa "nini". Analitumia mchana kutwa. Nini hii, nini ile, na ukishamjibu anakuuliza tena, kana kwamba jibu la kwanza halikumridhisha.

Wasiomlea husema ana akili. Ana akili, sibishi. Ila akili yenyewe huamka saa kumi na moja alfajiri, humfungua mama yake jicho kwa vidole viwili kuona kama kuna mtu ndani, kisha huanza kazi. Hata jua halijatoka, ameshaonja sabuni, ameshatumbukiza mkono mzima ndani ya kiatu, ameshabanwa kidole na droo ya chini, amelia, amenyamaza, na amerudi kuifungua ile droo ili aone ilimfanyaje. Mama yake huchemsha maziwa kwa mkono mmoja. Mkono wa pili umeshika gauni la mtoto kwa nyuma.

Haya sikuhadithiwa. Vyumba vyetu vinagawana ukuta mmoja, na ukuta wenyewe ni mwembamba. Tena tunafanya kazi pamoja. Mimi napiga pasi kwenye meza ya dirishani, huu mwaka wa kumi na tisa, na miguu yangu inaikumbuka yote kumi na tisa. Wananiita Shangazi, hata wateja walionizidi umri, na nimeacha kuwasahihisha.

Baba wa mtoto ni dereva wa lori la safari ndefu. Akija nyumbani hukaa siku tatu, humrusha mtoto juu, humwita profesa, kisha huondoka profesa anapoanza kuharisha. Simsemi kwa ubaya, lori hilo ndilo linalolipa kodi. Nasema tu kwamba siku tatu hazitoshi kumchosha mtu.

Pale dukani Mama Nini anakaa kaunta, na kazi yake ni alama. Sisi hatuandiki vikaratasi. Karatasi huloa na wino huchuja, kwa hiyo kila mteja ana nyuzi zake. Nguo ikiingia, kabla haijaguswa na maji, Mama Nini huitia mishono miwili mitatu ndani ya kola. Nyekundu mbili ni za wakili, kijani na nyeusi ni za mwalimu wa hesabu, njano peke yake ni ya karani wa mahakama, na hivyo hivyo mpaka mteja wa mwisho. Nguo zote huchanganyika kwenye mashine, halafu nyuzi ndizo zinazotuambia nani ni nani. Mzee mwenye duka alianza hivyo ujanani na hataki kusikia habari ya mtindo mwingine.

Mwanzoni mwa mwaka, yule mama aliyekuwa akimshika Nini mchana alihama mtaa. Mama Nini alihangaika wiki nzima, akakosa mtu. Mwishowe alimwendea Mzee akiwa na mtoto mgongoni. Mzee alimtazama mtoto, mtoto akamvua miwani.

"Mlete," Mzee akasema. "Lakini nisimwone."

Basi kwa miezi mitano tumeishi hivyo, sisi tukimficha na yeye akijitokeza. Ameshaingia ndani ya kikapu cha soksi akalala humo, ameshaniuliza mvuke wa pasi unaitwa nani na unakwenda kwa nani. Mama yake humjibu. Hilo ndilo lililokuwa likinishangaza. Mimi ningeshamwambia nyamaza mara elfu, yeye anajibu, kwa sauti ambayo kila mwezi ilizidi kuwa ya chini, macho yamezama, mkono unatia uzi kwenye sindano.

Mama Nini ana dada yake mkubwa, anaishi mji wa mbali, nyumba kubwa, watoto wote wameshaondoka. Mara tatu dada huyo alipiga simu kusema, "Niletee mtoto nikae naye mpaka aanze shule. Wewe upumzike." Si jambo geni, wangapi tumelelewa na mama wakubwa? Mama Nini alikataa mara zote tatu. Ila mara ya tatu, nikiwa nasikiliza upande wangu wa ukuta kama kawaida yangu, alichukua muda mrefu kabla ya kusema hapana.

Alhamisi ni siku ya nguo nyeupe. Alhamisi ile mashati yalikuwa ishirini na tisa, yameshafuliwa na kukauka, yamo kwenye kapu chini ya kaunta yakisubiri pasi. Mchana ulikuwa wa joto na wateja hawakuja. Nilimwona Mama Nini akisinzia amekaa, mgongo umenyooka, sindano mkononi. Sikumwamsha. Nilimwonea huruma, na huruma yangu ndiyo iliyotuponza, kwa sababu mtoto alikuwa macho na amenyamaza. Aliyewahi kulea anajua maana yake.

Nilipotupa macho, Nini alikuwa amekaa ndani ya lile kapu katikati ya mashati. Alikuwa amegundua kwamba uzi ukiuvuta unatoka. Alivuta wa kwanza, nadhani, kwa bahati tu. Za mashati ishirini na nane yaliyofuata alizivuta kwa bidii. Alikuwa na kifungu cha nyuzi za kila rangi mapajani, na aliponiona alininyanyulia.

"Nini hii?"

Mama yake aliamka. Hakupiga, hakufoka. Alikaa chini sakafuni, akachukua shati moja, akageuza kola, akaweka chini, akachukua lingine. Baada ya shati la sita aliacha kugeuza.

Mzee hana tabia ya kupaza sauti, na ni afadhali angekuwa nayo. "Jumamosi wenyewe wanakuja," alisema. "Shati moja tu likienda kwa asiye mwenyewe, Jumatatu mtoto asije hapa."

"Sawa, Mzee."

Sote tulijua maana yake. Mtoto asipokuja dukani hana pa kushinda isipokuwa kwa mama mkubwa, na mama mkubwa yuko mwendo wa siku nzima kwa basi. Mama Nini angekuwa akimwona mwanawe mara mbili kwa mwaka, likizo ikiruhusu.

Ijumaa nilimshika mimi Nini, mama yake akapanga mashati. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijawahi kuona kitu kama kile. Aliyasoma. Hili bega la kushoto limelika, ni la wakili, hubeba mkoba upande huo. Hili mkono wa kulia umefifia kwa jua la dirishani, la dereva wa teksi. Hili lina vinywele ndani ya mshono ambavyo hakuna maji yaliyowahi kuviondoa, la kinyozi. Hili vifungo vya tumboni vimelegea, na tusimseme mwenyewe. Alipokuwa na hakika alitia uzi na kuniwekea mezani. Kufika alasiri alikuwa amemaliza ishirini na saba bila kosa. Mimi nilikuwa hoi kwa kumshika mtoto siku moja tu. Nilimjibu maswali mpaka nikaishiwa, nikaanza kumdanganya.

Yalibaki mawili, la mwalimu na la karani. Ukubwa mmoja, aina moja, umri mmoja, kama yamenunuliwa siku moja. Lakini tofauti ilikuwepo, na sisi tulioyashika kila wiki tuliijua. Shati la karani lilikuwa limegeuzwa kola. Kola ikilika kwa juu, fundi mwenye subira huifumua, huipindua, na kuishona tena ili upande mzima ukae nje. Aliyeligeuza lile alikuwa na mkono mwepesi hata jicho halioni kitu. Vidole ndivyo vinavyohisi.

Niliviona vidole vya Mama Nini vikipita juu ya kola ile, vikasimama. Akajua. Ilibaki kutia nyuzi na kwenda nyumbani. Badala yake alikaa na yale mashati mapajani, akamtazama mwanawe aliyekuwa chini ya meza yangu akijaribu kumlisha mdudu kifungo. Alimtazama muda mrefu. Kisha akachukua uzi wa njano wa karani, akautia kwenye shati la mwalimu. Kijani na nyeusi akazitia kwenye kola iliyogeuzwa.

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, pasi mkononi. Niliona yote na sikusema kitu. Nilijiambia labda amepitiwa, ingawa mkono ule haupitiwi.

Jioni, njiani kwenda nyumbani, mtoto akiwa amelala begani, aliniuliza, "Shangazi, nikilala siku tatu mfululizo, unadhani nitakufa?"

"Usingizi hauui mtu," nikamwambia.

Akamhamishia mtoto bega la pili, tukaendelea.

Jumamosi mwalimu wa hesabu alikuja mapema. Alilichukua shati lake likiwa limekunjwa, akalitia kwapani na kuondoka bila kulitazama. Wengine wakafuata. Wakili, kinyozi, dereva wa teksi, kila mmoja na lake, na Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake akinywa chai na kutazama kila shati linavyotoka mlangoni. Karani alikuja karibu na adhuhuri. Ni mtu mpole, anayeomba radhi hata akikanyagwa. Alilifungua shati pale pale kaunta, akapitisha kidole gumba ndani ya kola.

"Samahani," akasema. "Hili si langu. Langu kola yake aliigeuza mama. Ilikuwa kazi yake ya mwisho kabla macho yake hayajafifia."

Mzee aliweka kikombe chini. Hakumwangalia Mama Nini. Alitazama kwenye pazia, kule tunakomficha mtoto.

"Si nilisema?" akasema. "Mama Nini, Jumatatu uje peke yako."

Basi ikawa imekwisha. Alichokitaka amekipata, na hakuna ambaye angemlaumu. Dada yake angemhurumia, mumewe angesema ndiyo dunia, mimi ningenyamaza kama nilivyokwisha kunyamaza. Nilimtazama nione atakavyoshusha pumzi. Nini akatoka nyuma ya pazia na kiatu kimoja, akaenda kusimama mbele ya Mzee, akainamisha kichwa upande kuchungulia uso wake umefanyaje.

"Si mtoto," Mama Nini akasema. "Ni mimi."

"Ulipitiwa," Mzee akasema.

"Sikupitiwa. Ile kola niliijua nilipoishika. Nyuzi nilizibadilisha kwa makusudi."

 Tangu amwajiri, Mzee hajawahi kumkuta na kosa la uzi. "Kwa faida gani?"

"Nilitaka mtoto aondoke bila mimi kusema aondoke." Sauti yake ilikuwa ile ile ya chini anayomjibia mtoto maswali. "Nimechoka, Mzee. Nampenda na nimemchoka. Nilitaka useme wewe, ili nisiwe mimi niliyesema."

Karani akaanza kusoma sakafu. Mimi niliisimamisha pasi, nikaona bora na langu litoke. "Na mimi nilimwona," nikasema. "Nikanyamaza."

 Mzee alisema tu kwamba shati la mtu lirudi leo. Mama Nini akalitwaa la mwalimu, akatoka kama alivyo, bila hata kuchukua mtandio, akaenda kwa mwalimu na kurudi baada ya saa nzima, jasho likimtoka, shati amelibeba mikononi kama yai. Karani alikuwa amesubiri. Alilipokea, akashukuru, akaomba radhi kwa usumbufu.

"Nilisema shati likienda kwa asiye mwenyewe," Mzee akasema, amegeukia chai yake iliyokwisha kupoa. "Limerudi. Mtoto aje Jumatatu."

Mama Nini hakufurahi, nisiseme uongo. Alishika kaunta kwa mikono yote miwili. Kupewa mtoto ni kupewa na alfajiri zake, na droo, na kila swali. Kisha akaniomba nimshike Nini, akatoka nyuma kwenye kamba za kuanikia na kumpigia simu dada yake. Nilimfuata. Sikualikwa, lakini mtoto alitaka kujua mama anaongea na nani, na kwa mara ya kwanza mimi na yeye tulitaka kitu kimoja.

Dada mtu ana sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, kwa hiyo nilisikia pande zote mbili.

"Umekubali? Nije kumchukua lini?"

"Usimchukue, dada. Njoo ukae hapa naye, wiki moja. Mimi nataka kulala."

"Mbona siku zote hizi hukusema?"

"Hukuniuliza. Ukipiga simu unauliza mtoto anakula, mtoto ana kikohozi, mtoto siku hizi anasema nini. Baba yake vile vile. Hakuna anayeniuliza mimi."

Sauti ya dada ikashuka, ikabidi nisogee karibu.

"Hujambo, mdogo wangu?" dada akauliza.

Mama Nini alifungua kinywa kujibu kama anavyojibu kila mtu, mara ishirini kwa siku pale kaunta, na neno likakataa kutoka. Akashika kamba ya kuanikia, akalia. Alilia vizuri, bila haraka, na dada yake akamwacha alie.

Halafu dada akasema atapanda basi la kesho asubuhi, na asipikiwe chochote. Akakata simu. Habari za mtoto hakuuliza.