Mgeni Aliyekula Mpini wa Jembe

Mkaa una harufu mbili. Ule uliotoka kupika hunukia chakula hata baada ya kuzimika: unga kidogo, moshi kidogo, mafuta kama yalikuwepo. Ule ambao haujapika kitu hunuka ukavu mtupu, kama sufuria iliyosahauliwa juani. Mwaka ule wa njaa niliijua harufu hiyo ya pili kwa vidole vyangu, maana mkaa wa jikoni kwetu haukuwa na kazi nyingine ila kunichafua mikono. Kwetu ni upande wa Chamwino, ndani kabisa, mbali na barabara, na nyumba yetu ilikuwa tembe: paa bapa la udongo, kuta za miti iliyokandikwa, uwanja katikati. Ukuta mrefu unaotazama uani ulikuwa chini ya paa lililotokeza, na paa hilo lilishikwa na nguzo za miti zilizopangwa kama meno. Vijana wakiniuliza leo vibonzo nilijifunza chuo gani, nawajibu kwamba mimi niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza. Nilijifunza kwenye ukuta ule, na mwalimu wangu hakujua kusoma.

Mvua ilikataa. Mtama ulitoka, ukafika magotini, ukasimama hapo kama mtoto aliyekatazwa kuingia, kisha ukawa majani ya kuwashia moto. Ng'ombe walianza kulala mchana, na ng'ombe akilala mchana wakati wa kiangazi unajua haamki. Baba akachukua mbuzi wawili waliobaki akaenda kuhemea, ndivyo tunavyosema kwetu mtu akitoka kwenda kubadilisha mali yake kwa chakula. Alielekea milimani Kondoa, kwa Warangi, ambako watu walisema mtama bado upo. Tukabaki wanne nyumbani: mama, mimi, mdogo wangu Yona ambaye alikuwa ameanza kuwa na kichwa kikubwa kuliko mwili, na bibi mzaa baba. Bibi huyo alikuwa na mdomo. Aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na kila asubuhi alinigonga na fimbo yake: "Amka, mke mwenzangu! Mume wetu marehemu hakukuoa ulale." Namjibu, "Mume wetu alinipenda mimi, wewe alikuonea huruma." Anacheka mpaka anashika mbavu. Mwenye njaa hana miiko, wanasema, lakini Bibi hakuwa na miiko hata alipokuwa ameshiba.

Kipande cha gazeti kilitufikia kikiwa kimefungiwa chumvi. Kilikuwa na kibonzo cha vyumba vitatu: mtu anapanda ngazi, mtu yuko juu ya ngazi, mtu yuko chini na ngazi imemlalia. Bibi alikishika karibu na pua akakitazama muda mrefu.

"Hawa ndugu watatu mbona wamefanana hivi?"

"Si ndugu, Bibi. Ni mtu mmoja."

"Mmoja? Alikuwa hapa, sasa yuko hapa?"

"Ndiyo."

"Kapita wapi?" Akaweka ukucha wake kwenye ule mstari kati ya chumba na chumba, akausugua kama anatafuta mlango. Kisha akatabasamu. "Ahaa. Humu ndimo alimopita. Hawakuchora kwa sababu kumvusha ni kazi yangu mimi ninayetazama."

Nimekaa katika kazi hii maisha yangu yote, nimewasikia wasomi wakieleza mambo ya kuchekesha kwa maneno marefu kama treni ya mizigo, na sijasikia aliyelifikia neno lile. Anayecheka ndiye anayefanya kazi. Wewe mchoraji unamwekea ngazi tu. Kuangusha, anaangusha yeye.

Siku hiyohiyo Bibi akanipeleka mbele ya ukuta wa uani na kipande cha mkaa. "Nguzo zimeshatugawia vyumba," akasema. "Haya, tumchore mgeni wetu." Mgeni aliyemsema alikuwa njaa. Nilitaka kumchora mwembamba, mifupa mitupu, Bibi akanipiga kofi la mkono. "Wembamba ni sisi. Yeye si ndiye anayekula? Mnenepeshe." Basi katika chumba cha kwanza nikachora mtu mnene, tumbo limemtangulia mlangoni, anapiga hodi kwa adabu zote na mkeka kwapani, na sisi wanne tumejipanga kama vijiti vya kibiriti tunamwambia karibu. Chumba cha pili amekaa kwenye kigoda, na kigoda hakionekani, kimezama. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa hiyo chumba cha tatu mama anamkabidhi jembe kwa mikono miwili, naye anapokea kwa heshima. Chumba cha nne amekula mpini. Chumba cha tano anachokonoa meno kwa lile bamba lililobaki.

Yona alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa hajacheka tangu baba aondoke. Majirani walisikia, wakaja, nao wakacheka huku wameshika matumbo kwa mikono yote miwili, maana kucheka ukiwa na njaa kunauma, mtu asikudanganye. Mwanamume mmoja mzee akatukemea kwamba tunawamalizia watu nguvu. Kesho yake alikuwa wa kwanza kufika, anauliza mgeni leo amekula nini. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Bibi alikaa juu ya gogo la mti na kunitolea amri. Usimchore mtu analia, anayelia hachekeshi, mchore anayejikaza. Usicheke wewe kwanza. Mbwa mweke pembeni, mdogo, awe ameshajua kitakachotokea. Na usiseme uongo, alisisitiza hilo, kwa sababu mwenye njaa anaunusa uongo kabla hujaumaliza.

Sasa nitasema jambo ambalo sisi sote wanne tulilijua na hakuna aliyelitamka. Kila uji ulipogawanywa, uji wenyewe ni maji yaliyopitiwa na unga pamoja na ubuyu, Bibi alipokea kibakuli chake, akaugeukia ukuta kama mtu mwenye haya ya kula mbele ya mkwe, na akigeuka tena kibakuli kipo mikononi mwa Yona. Mama aliona. Mimi niliona. Yona alikuwa mdogo, alikunywa. Mama alikuwa na watoto wawili na unga wa mtu mmoja, ungemtaka aseme nini? Alikuwa anachukua kata na jembe anakwenda kuchimba maji kwenye mchanga wa korongo, anarudi, hasemi.

Ilibaki nafasi ya chumba kimoja, baina ya nguzo ya mwisho na kona. Bibi akasema mgeni lazima aondoke, na mgeni haondoki mikono mitupu. "Nichore mimi. Ananioa, ananibeba mgongoni, tunakwenda zetu."

Mama alikuwa anapepeta pumba. Akaacha. "Mama, hapana. Mtoto asichore hiyo. Huo ni uchuro."

"Uchuro gani, mkwe wangu? Si mnasema kifo cha wengi harusi? Sasa harusi hiyo haina bibi harusi?"

"Nimesema hapana!" Mama hakuwahi kumpandishia mama mkwe sauti. Akanipokonya mkaa mkononi, akaurusha nje ya ua. Kisha akakaa chini akasema taratibu, "Ikichorwa, tutakuwa tumesema."

"Ndiyo," Bibi akajibu. "Nimechoka kunyamaziwa."

Chumba kile kikakaa kitupu. Majirani walikuja wakaona hakuna kipya, wakarudi. Bibi akaacha kunigonga asubuhi. Alilala kwenye ngozi yake uani, uso umeelekea kwenye nafasi ile nyeupe, kama mtu anayengoja basi ambalo anajua litakuja. Nilimtania, nikamwambia mume wetu ananiita mimi leo, akatikisa kidole tu. Hapo ndipo nilipoogopa.

Mchana mmoja mama alirudi kutoka korongoni. Akatua ndoo, akamtazama Bibi, akaenda jikoni, akatoka na kipande cha mkaa. Akanipa. Mkono wake ulikuwa na mchanga hadi kwenye kiwiko. "Mchore," akasema. "Na umchore na kile kiuno chake alichokuwa akinitambia."

Bibi akafumbua macho. "Hata leo nakushinda kiuno."

Nikachora. Mgeni mnene ameinama, miguu imepinda, ulimi nje, kwa maana Bibi mgongoni mwake amemzidi uzito. Mama akamshika Bibi mabega, akamkalisha ili aone. Akaona. "Pua yangu umeipunguza, mwizi wewe. Irudishe." Nikairudisha. "Nipe mwiko." Nikampa mwiko, anampiga nao mgeni kisogoni, mkono wa kushoto, kwa kuwa Bibi alitumia kushoto. "Mbwa yuko wapi?" Nikamchora mbwa kwenye kona, anapunga mkia, kwaheri. Bibi akacheka bila sauti, mabega tu, na mama akacheka kwa sauti, na machozi ya mama sikuyachora.

Alifariki siku chache baadaye. Wanawake waliingia wakiomboleza kwa sauti kama desturi, mikono kichwani, na walipofika uani wakaukuta ukuta. Kilio kikakatika katikati. Mmoja akaziba mdomo kwa khanga, mwingine akasema "Jamani, na mwiko!" na msiba mzima ukaangua kicheko. Kisha wakalia vizuri, kilio cha kweli, ambacho hakipangwi. Nimehudhuria misiba mingi yenye mahema na spika. Sijaona tena mtu aliyezikwa vile.

Baba alirudi na gunia la mtama juu ya punda wa kuazima. Tulimwona, kila mmoja akamngoja mwenzake aanze. Akalishusha gunia uani, akajinyoosha, macho yakaangukia chumba cha kwanza. Akasoma nguzo hadi nguzo. Kwenye jembe alicheka. Kwenye bamba la meno alicheka sana, akatugeukia sisi tucheke naye. Kisha akafika kwenye kona, akapitisha kidole karibu na mwiko bila kuugusa. "Kushoto," akasema. Akakaa juu ya gunia lake. Hakuna aliyehitaji kumwambia neno. Mvua zilipokuja, upepo uliyaleta maji chini ya paa, mkaa ukateremka ukutani mistari myeusi, mgeni akayeyuka na Bibi akayeyuka naye. Tulisimama tukitazama, tumelowa, na hatukuweka hata jamvi kuzuia.

Kazi ile imenilisha. Nilianza na mabango ya vinyozi na mabucha pale Nzuguni, Dodoma mjini, pembeni nachora vyumba vitatu vya mzaha, watu wakasimama kutazama, na mwenye bucha hupenda watu wasimame. Nimesomesha watoto, nimejenga, sikumpigia mtu magoti. Wajukuu wangu wanakula mara tatu kwa siku na katikati wanatafuna. Neema, mkubwa wao, anachora kuliko mimi; nasema bila kinyongo, mkono wake ni mwepesi, anachorea kwenye simu na wenzake wanacheka huko waliko. Juzi nilimwita. Miguu yangu imevimba na daktari ameanza kuongea na watoto wangu badala ya kuongea na mimi. Nikamwambia, "Mke mwenzangu, nichore chumba changu cha mwisho. Nataka watu wacheke." Akaniambia, "Bibi, jamani, usiseme hivyo," akatoka nje. Jioni akaniletea picha. Amenichora mashavu laini, kilemba kipya, nimezungukwa na maua ambayo hapa Dodoma hayaoti.

Nikamwambia afute. Akalia, nikamwacha alie. Hajawahi kumkaribisha yule mgeni, na ninamwomba Mungu asimjue mpaka anazeeka. Lakini mkaa nimeshauweka juu ya meza, kando ya simu yake, na pua yangu anaiona.