Sahani ya Pili

Amissi Uthmani, fundi wa kuchomelea vyuma katika mtaa wa Buyenzi, alikuwa na hasira tangu asubuhi. Mwaka ulikuwa 2000, vita vikiwa katika mwaka wa saba, na binti yake mdogo, Houda, alikuwa amekubaliwa kusomea shahada ya uuguzi katika chuo kilekile alichokuwa akisoma dada yake, Hayat.

Zamani habari kama hiyo ingechinjiwa mbuzi. Ndugu walipelekwa shule pamoja ili mmoja awe jicho la mwenzake. Sasa baba mwenye akili huwatawanya watoto, huyu huku na yule kule, ili risasi zikija abaki wa kumzika mwenzake. Gaspard wa mtaa wa Mutanga Sud, mteja wake wa miaka mingi, hakuwatawanya. Wanawe wawili waliuawa bwenini siku moja.

Kwa hiyo Amissi alikuwa ameleta kwa siri fomu ya chuo kingine, cha mkoani. Tena alimwagiza mkewe, Fatouma, awapakulie mabinti kila mmoja sahani yake. Tangu waachishwe ziwa walikuwa wakila sahani moja.

"Wazoee," alisema.

Houda aliitazama sahani. "Papa, kwani mi niko na kipindupindu?"

"Labda ni mi," Hayat akacheka. "Si natoka mazoezi ya hospitali?"

Amissi akaitupa fomu mkekani. "We Houda, utasomea huku. Nimemaliza."

Houda akaisoma. "Na njia ya huko, papa, haina watu wa kuvizia mabasi?"

"Nyamaza! Niko natafuta mumoja abaki!"

"Haya. Basi tuambie, ni nani umechagua abaki?"

Amissi akafungua mdomo. Akamtazama Hayat, akamtazama Houda. Akawalaani wenye bunduki. Akawalaani wakubwa wa mtaa wa Kinanira, ambao watoto wao husomea Ulaya na vita huvisikia redioni. Mwisho akajilaani mwenyewe, kwa kukubali kuhesabu watoto kama wao walivyomfundisha.

Houda alikwisha kumimina maharage na ugali wake katika sahani ya dada yake.

Amissi akaichana fomu. "Fatouma, ondoa hiyo sahani!"

Kisha, uso ungali umekunjwa, akawageukia mabinti. "Mutapanda basi pamoja, mutashuka pamoja. Na mumoja akichelewa, mwenzake asitie mguu hapa peke yake. Mumesikia?"