Utumwa wa Hatua Saba

Juzi, kwenye foleni ya ofisi ya mudiri, ofisa wa serikali ya Mwingereza hapa Msambweni, mzee mmoja mwenye kofia ya vito, ile ya kudariziwa, alituambia kwamba utumwa haukuwa mbaya kama inavyosemwa.

"Babangu alikuwa na watumwa. Walilishwa, walivishwa, na Alhamisi na Ijumaa zilikuwa siku zao wenyewe, hawakutumwa kazi. Wazungu walipoukomesha, waliuvunja udugu."

Nyuma yake alikuwapo bibi mwenye kikapu cha mihogo.

"Mamangu alikuwa mtumwa," akasema, "na udugu huo hakunisimulia. Labda alisahau. Leo ni Jumatatu, bwana. Nibebee kikapu hiki, nami nitakulisha."

Mzee akacheka, akajitwisha.

"Na makubadhi uyavue. Mtumwa hakuvaa viatu mbele ya bibi yake."

Akayavua. Mchanga wa saa sita ulikuwa moto, naye akaenda akirukaruka kama mcheza ngoma. Foleni nzima tulicheka hadi mbavu zikatuuma.

"Kwani kwako ni wapi, bibi?" akauliza, jasho likimtiririka.

"Mtumwa haulizi. Twende."

Akakitua kikapu papo hapo.

Utumwa wa pwani yetu ulibishaniwa miaka mingi kabla ya kufutwa. Wa mzee yule niliuhesabu mwenyewe: hatua saba.