Nilivyokwenda kuposa kwa Mwindonesia na Kimalaysia mdomoni

Wakuu, heshima zenu. Hii siyo chai. Yamenikuta mwenyewe hapa Maryland, na waliokuwepo wengine wamo humu jukwaani, nikikosea watanisahihisha.

Mimi ni Mzanzibari, nafanya kazi nyumba ya wazee huko Temple Hills. Kaka yangu aliishi huku zamani, akarudi Unguja, na sasa viza ya kuja imegoma, kwa hiyo mwanawe Nassor alipotaka kuoa, mshenga nikawa mimi.

Binti anaitwa Ratna. Kwao Indonesia, wanakaa Adelphi. Tulishaonywa kwamba baba yake, Mzee Hadi, hatoi mtoto kwa watu asiowaelewa.

Nikasema ngoja nimlainishe. Kazini, jikoni, kuna mama wa Kimalaysia. Nikamwomba anifundishe maneno ya kuposa, nikawa nayakariri kwenye gari kila siku.

Tukafika Adelphi, mimi, Nassor na jamaa wachache, tukakaa, nikayamwaga. Mzee akatabasamu!

Nikanogewa. Nikaongeza kwa Kiingereza kwamba mwalimu wangu ni Mmalaysia, lakini najua lugha ni ile ile, nyinyi mmebadilisha jina tu.

Tabasamu likakatika. Nassor akanikanyaga mguu. "Ami, please, stop."

Mzee akaweka kikombe chini, akaanza darasa. Na lilikuwa darasa tamu, siwafichi.

Kumbe zote mbili zimetoka kwenye Kimalay, lugha ya Sumatra na rasi ya Malaya. Wafanyabiashara waliisambaza bandarini, ikaandikwa kwa herufi za Kiarabu kama Kiswahili cha mababu zetu. Wao wanasema kabar, sisi habari. Halafu Mwingereza na Mholanzi wakagawana eneo, kila upande ukameza maneno ya bwana wake. Ofisi tu, Mmalaysia kabaki na pejabat, Mwindonesia anaita kantor, la Kiholanzi hilo.

"Lakini mimi ni Mjava," akasema mzee. "Kwetu Wajava ndio wengi kuliko wote. Wakati wa kudai uhuru tungeweza kuwalazimisha wenzetu Kijava. Tukachukua Kimalay, ambacho hakikuwa cha kabila kubwa, tukakiita Kiindonesia ili kila mtu aingie. Tulikichagua. Usiniambie tumebadilisha jina."

Nikanywea. Maana ndiyo Tanzania ile, Wasukuma walivyo wengi na Bunge halizungumzi Kisukuma. Nikamweleza hivyo, nikaomba radhi.

Akalegea kidogo. Kisha akamgeukia Nassor.

"Na wewe, lugha ya baba yako unaijua?"

Wakuu, Nassor kazaliwa huku, kakulia Springfield. Kiswahili anakielewa chote, ila ukimsemesha anajibu kwa Kiingereza.

"I understand it," akasema.

"Sikuuliza hilo. Niombe binti yangu kwa lugha hiyo. Kama yako umeiacha, wajukuu zangu watapataje yangu?"

Nikataka kumsaidia, mzee akaninyooshea kiganja. Ratna alisimama mlango wa jikoni, kainamisha kichwa. Niliona posa inayeyuka hivi hivi.

"Baba," Nassor akaanza. "Mimi... mimi nataka Ratna. Nitamtunza. Tafadhali, baba, nipe mimi yeye."

Machozi yalinitoka, sioni aibu kusema. Tangu azaliwe sijawahi kumsikia akisema Kiswahili kirefu namna hiyo.

Nadhani mzee hakuelewa zaidi ya jina la bintiye. Alikuwa ananitazama mimi usoni.

"Ameomba?"

"Ameomba."

"Basi tupange siku."

Nilichojifunza: ukienda kwa watu, uliza lugha yao imetoka wapi kabla hujawaambia ni ya nani. Na watoto wetu tuwasemeshe mapema, tusingoje siku ya posa. Wenye watoto huku ughaibuni, wanawajibu kwa lugha gani? Tiririkeni.

Usiku ule nilimpigia kaka Unguja. Hakuuliza mahari wala tarehe. Aliuliza mwanawe alisema maneno gani. Nikamtajia yote, na ubovu wake. Akaniambia nirudie tena.