Shuka Usoni pa Babu

Wakubwa wa hospitali anakofanya kazi mama wanalipenda sana neno "familia". Siwasemi wagonjwa wala manesi, nawasema wale wa jengo la utawala, wenye mazulia. Kila asubuhi kwenye sala ya wafanyakazi, Katibu wa hospitali anasimama na tai yake na kukumbusha kwamba hospitali hii haitafuti faida, ni ya huruma, kwa hiyo anayefanya kazi hapa anaitikia wito, na sisi sote ni familia moja. Amina. Halafu familia inatawanyika. Yeye anakwenda kunywa chai, mama anakwenda wodi ya wanaume kuwa peke yake mpaka jioni.

Nikisema peke yake, namaanisha peke yake. Anagawa dawa, anafunga vidonda, anawageuza wasioweza kujigeuza, na maji ya moto anachemsha mwenyewe kwenye jiko la mkaa nyuma ya wodi, kwa sababu mtambo wa maji ya moto uliharibika zamani na wanasubiri mfadhili. Baridi ya Tukuyu haijawahi kumsubiri mfadhili. Manesi wenzake wakija kwetu Jumapili wanasema wee mpaka chai inapoa. "Shoga, wito wangu umehamia mgongoni." "Wangu uko kwenye magoti." Wanacheka, kesho yake wanarudi kulekule. Mimi nakaa pembeni na daftari langu. Sina maneno mbele za watu, mwalimu wa darasa alishaniuliza mbele ya kidato cha tatu chote kama nina ulimi.

Haya. Likizo ya mwezi wa sita, babu mzaa baba aliteleza kwenye tope kule shambani kwake Ikuti akiwa amebeba mkungu wa ndizi. Mguu ukavunjika vibaya, mfupa ukachana ngozi. Baba alikuwa safarini na lori. Majirani wakambeba babu kwa machela mpaka barabarani, wakapata gari, na gari likampeleka hospitali ya mama. Wodi gani? Ya wanaume. Nesi nani? Mke wa mwanawe.

Kwa asiye wa huku, inabidi nieleze. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto haonani uso kwa uso na baba mkwe. Hawajagombana, ndiyo heshima yenyewe. Mama akimwona babu anakuja njiani, anaingia migombani mpaka apite. Hajawahi kula naye, hajawahi kutamka jina lake. Wengi siku hizi wameacha, hata baba anasema ni mambo ya kizamani. Sawa, lakini babu ni wa kizamani, na mama alishika mila hiyo tangu alipoolewa bila kulazimishwa. Sasa mzee huyo kalala kitanda cha dirishani na kidonda juu ya goti, paja wazi, na wa kumwosha ni mkwe wake.

Mama hakuomba makubwa. Alikwenda kwa Katibu, mimi nyuma yake nimeshika chupa ya uji wa babu, akaomba abadilishane na mwenzake wa wodi ya wazazi mpaka babu apone.

"Sista, mtu sina," alisema Katibu bila kuinua macho. "Tena wewe umesoma. Mila tunaziacha getini. Hapa ni familia moja."

"Ndiyo shida yenyewe, Katibu. Yule ni familia kweli."

Hakuelewa. Akaongeza kwamba kama kazi imemshinda aseme, wapo wengi huko nje wanaoitaka. Yaani mtu hana, lakini wengi wapo. Nilitaka kucheka nikaogopa, nikaikumbatia chupa ya uji.

Babu naye alikataa kuguswa. Alijiviringisha blanketi kama mtoto mpaka kidonda kikaanza kutoa harufu. Daktari akaja, akasema wazi: kisiposafishwa kila siku, mguu utakatwa. Mama alitoka nje, akakaa karibu na lile jiko lake, akarudi na mpango. Babu ajifunike shuka usoni. Yeye ashughulike na mguu tu. Mimi nisimame katikati, nipeleke maneno.

"Mwambie babu yako dawa hii itawasha."

"Babu, itawasha."

"Mwambie nimesikia," shuka likajibu. "Nimevunjika mguu, masikio ninayo."

"Mwambie asikaze misuli."

"Mwambie aoshwe yeye kidonda, aone kama hatakaza!" Halafu, kwa sauti ya chini: "Mwambie ndaga fijo."

Ndaga fijo ni asante sana. Mama alimsikia vizuri tu, lakini alisubiri nimwambie.

Wodi nzima iligeuza shughuli hiyo kuwa sinema yao. Kijana mmoja wa bodaboda, mkono kwenye plasta, alipiga kelele kila siku: "Mzee, usituage bado, hata jeneza hatujachangia!" Na babu kutoka chini ya shuka: "Mjukuu, mwambie huyo kwamba aliyemfundisha pikipiki alikuwa kipofu." Walicheka mpaka walioshonwa tumbo wakaomba wenzao wanyamaze. Kidonda kikaanza kusafika. Nikadhani tumeshinda.

Ndipo wakaja wageni, wafadhili. Juma zima kabla yao hospitali ilikuwa inajipodoa. Maua yalipandwa kwenye makopo. Mashuka mapya meupe yakatolewa stoo, kumbe yalikuwepo siku zote, wagonjwa wakilalia matambara. Asubuhi hiyo babu akajifunika shuka jipya, jeupe kabisa, limenyooka, na mimi nilikuwa nimesimama kichwani pake nimefunga mikono kama mfiwa. Katibu akaingia na wageni wake.

Mama mmoja mgeni alishika mdomo.

"Sista!" Katibu alinong'ona kwa ukali. "Maiti inafanya nini wodini?"

"Hajafa, Katibu. Naomba usi..."

Hakungoja. Alilishika shuka kwa vidole viwili akalivuta, kama anazindua jiwe la msingi. Uso wa babu ukatokea, macho wazi, na macho hayo yakakutana na ya mama aliyekuwa ameinama na koleo la pamba mkononi.

Sijawahi kuona uso wa mama ukiwa vile. Aligeuka, akajifunika kwa mkono. Babu alifumba macho, akageukia ukutani. "Niitieni gari," alisema. "Narudi Ikuti." Na mguu ule! Mama aliweka koleo kwenye sahani taratibu, akatoka.

Katibu akawachekea wageni. "Ni utamaduni," akawaambia. Eti utamaduni. Juzi ulikuwa wa kuachwa getini. Halafu akaniinamia: "Binti, kamwite mama yako arudi mara moja, kidonda kiko wazi."

Nilimkuta nyuma ya wodi. Halii. Alikuwa anapuliza mkaa. "Mwambie sirudi mbele ya mzee yule," alisema. "Alete mtu. Kama mtu hana, awaambie hivyo wageni wake."

Nilitembea polepole kuliko siku zote za maisha yangu. Niliwaza kusema sijamwona. Lakini babu alikuwa bado ameangalia ukuta, mguu umeachwa wazi, nzi anauzunguka. Nikasema. Nilisema kwa sauti ndogo mno, mpaka yule mama mgeni, ambaye Kiswahili alikijua kidogo, akauliza, "Anasema nini mtoto?" Katibu akasema si kitu. Basi nikarudia, kwa nguvu, yote, pamoja na ile ya kama mtu hana awaambie wageni. Kijana wa bodaboda akapiga paja.

Na mtu akapatikana! Palepale, kabla wageni hawajafika kitanda cha pili. Alikuwa nesi wa kiume wa wagonjwa wa nje. Siku zote hizo za matayarisho alikuwa amepewa kazi jikoni, na asubuhi hiyo alikuwa anawaandalia wageni chai na sambusa. Alikuja na aproni yenye unga. Babu alimwachia mguu, uso wazi, akilalamika kwamba ana mikono mizito kama ya mponda mahindi. Habari ya gari hakuitaja tena. Daktari amesema mguu hautakatwa.

Mama aliitwa utawala kesho yake. Kwa utovu wa nidhamu mbele ya wageni, akaadhibiwa: amehamishiwa wodi ya wazazi. Aliponisimulia alicheka mpaka akakaa chini. Wodi ya wanaume sasa ina yule kaka wa aproni, naye yuko peke yake. Kwa wageni wanaokuja sijui nani atachemsha chai, lakini nina hakika atakuwa nesi.